Lango la Dubu la Traquair: Uhakiki wa Jiwe, Chuma na Nadhiri

Neno mlango katika Kiswahili lina maana mbili ambazo wenye lugha huzitumia pamoja bila kuzipambanisha. Ya kwanza ni mahali pa kuingilia nyumbani, pamoja na mbao zinazopaziba; ya pili ni tawi la ukoo, yaani watu waliotokana na mzazi mmoja wakahesabiwa pamoja. Mtu wa pwani amwulizapo mwenziwe ni wa mlango gani, hataki kujua anaingilia wapi; ataka kujua ametoka kwa nani. Kiingereza hakikuziunganisha maana hizi katika neno moja, lakini waashi na wahunzi wa nchi za Kiingereza waliziunganisha kwa kazi ya mikono. Katika karne ya 17 na ya 18, mabwana wa ardhi wa Uingereza, Wales na Uskoti walijenga mbele ya majumba yao ya shamba malango ya nguzo za mawe na chuma cha kufua, wakaweka juu yake wanyama na ngao za nembo za koo zao. Aliyepita njiani, hata kama hakualikwa kuingia, alikwisha kuambiwa jumba ni la mlango gani.

Makala haya yanalihakiki lango moja la namna hiyo, lile liitwalo Lango la Dubu katika jumba la Traquair, karibu na mji wa Innerleithen kusini mwa Uskoti. Lango hili ni mashuhuri kwa sababu ya hadithi yake: kwamba lilifungwa zamani kwa nadhiri, wala halikufunguliwa tena hata leo. Umaarufu huo umekuwa neema na hasara kwa pamoja. Watu wengi hulijua lango kwa hadithi tu, wakalitazama kama mtu atazamavyo kaburi la shujaa, asijali limejengwa kwa mawe gani. Hoja ya makala haya ni kwamba hadithi haikubandikwa juu ya lango na wasimulizi. Ilichipuka katika umbo lenyewe la lango, katika jiwe lake na chuma chake. Na asiyelisoma umbo hawezi kuisoma hadithi sawasawa.

Kwanza yafaa kueleza mahali. Traquair ni jumba la kale sana. Wenyeji wake hulisifu kuwa ndilo jumba la Uskoti lililokaliwa na watu kwa muda mrefu kuliko yote bila kukatika, na wafalme wa Uskoti walilitumia walipokwenda kuwinda. Si jumba la fahari ya kupita kiasi. Ni refu, jeupe, lenye madirisha madogo yasiyolingana, kama nyumba iliyoongezwa chumba baada ya chumba kwa kadiri ya haja. Mbele yake imetangulia njia pana iliyonyooka, yenye miti pande mbili, na mwisho wa njia hiyo, kandokando ya barabara ya watu wote, ndipo liliposimama lango. Nguzo zake mbili ni za mawe yaliyochongwa mraba, na juu ya kila nguzo yuko dubu wa jiwe aliyesimama kwa miguu ya nyuma akishika ngao. Kati ya nguzo umewekwa mlango wa chuma wa vipande viwili. Lango hili lilijengwa mwaka 1738, wakati ambapo Earl wa nne wa Traquair alikuwa mwenye jumba. Njia iliyo nyuma yake sasa imeota majani matupu, maana hakuna gurudumu lipitalo. Wageni wa leo huingia kwa njia ya kando.

Mtu atakaye kulieleza lango hili kwa Kiswahili hukutana mara moja na swali la maneno, na swali hilo lina faida kwa mhakiki kwa kuwa humlazimisha kutazama. Mlango wa nyumba ya pwani una sehemu zenye majina thabiti. Ipo miimo miwili kulia na kushoto; kipo kizingiti cha chini na kizingiti cha juu; upo mfaa katikati, unaofunika mwanya wa mbao mbili. Sehemu zote hizo zimefungamana. Mwimo hausimami peke yake, maana kizingiti cha juu huukamata mmoja na kuuunganisha na wa pili, na mlango mzima huwa kama sanduku lililotiwa ukutani. Lango la Traquair halina kizingiti cha juu. Nguzo zake haziwezi kuitwa miimo bila kuliharibu neno, kwa sababu hakuna kitu kinachoziunganisha kule juu ila hewa. Kila nguzo ni jengo kamili lenye msingi wake, kiwiliwili chake na kichwa chake. Atazamaye huanza chini ya nguzo ya kwanza, akapanda, akafika juu. Na pale ambapo katika mlango wa nyumba angevuka kwa kizingiti kwenda upande wa pili, hapa hakuna daraja. Jicho linasimama.

Hapo ndipo kazi ya dubu ionekanapo. Kama nguzo ingeishia kwa jiwe bapa, jicho lingeanguka na lango lingeonekana kama ukuta uliobomoka katikati. Mnyama aliyewekwa juu hulipokea jicho na kulishikilia, na kwa kuwa wapo wawili wanaofanana, huyu humrudishia mwenziwe. Dubu wa Traquair basi si pambo lililoongezwa baada ya kazi kwisha. Wanafanya juu ya nguzo kazi ambayo kizingiti hufanya juu ya miimo. Mwashi amejenga kizingiti kisichoonekana, akakipitisha katika macho ya wanyama wawili. Na kwa kuwa wanyama hao wameshika ngao, kizingiti hicho kisichoonekana kimeandikwa jina la ukoo. Hapa zile maana mbili za mlango zimekutana mahali pamoja: pa kuingilia, na pa kutokea kwa nasaba.

Sasa chuma. Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo waandishi wa leo huelekea kuvisahau, kufua na kusubu. Kufua chuma ni kukitia motoni mpaka kilainike, kisha kukiweka juu ya fuawe na kukipiga kwa nyundo mpaka kipate umbo. Kusubu ni kukiyeyusha kiwe majimaji na kukimimina katika kalibu. Kazi hizi hutoa vitu viwili vyenye tabia mbalimbali. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kama sehemu mbili hadi nne katika mia. Ni kigumu, huvumilia kubanwa, lakini hupasuka kikipigwa au kikipindwa. Chuma cha kufua kina kaboni kidogo mno, na ndani yake mna nyuzinyuzi za taka ya tanuri zilizonyooshwa na nyundo, hata kikivunjwa huonekana kama mti uliochanika. Hicho hukubali kupindwa, kusokotwa, kupasuliwa ncha na kuunganishwa kipande kwa kipande katika joto jeupe bila kutiwa kitu kingine. Mwandishi aandikaye geti la chuma akaishia hapo amelificha jambo la kwanza ambalo msomaji alihitaji kujua, nalo ni kama umbo lile lilizaliwa na nyundo au na kalibu.

Tofauti hii haikuwa ndogo katika karne ambayo Lango la Dubu lilijengwa. Ule ndio wakati ambao ufundi wa kufua chuma kwa malango ulikuwa umefika kilele chake katika nchi hizo. Jean Tijou, Mfaransa wa madhehebu ya Kiprotestanti, aliingia Uingereza karibu na mwaka 1689, akafanya kazi katika kasri ya Hampton Court, na mwaka 1693 akatoa kitabu cha michoro ambacho wahunzi wengine walijifunza kwacho. Yeye alipenda majani na nyuso zilizofuliwa katika mabamba membamba ya chuma, hata mlango ukaonekana umefunikwa na mmea. Baada yake walikuja ndugu wawili wa Wales, Robert na John Davies, waliofua kati ya mwaka 1712 na 1719 lango kubwa la kasri ya Chirk. Nao walitia juu ya mlango taji pana la chuma lenye nembo ya wenyeji. Katika kazi ya namna hii fito hufanya kazi ya mstari wa kalamu. Nene huwekwa penye uzito, nyembamba penye pambo. Na kati ya mstari na mstari huachwa nafasi wazi, ambayo ndiyo karatasi.

Nafasi hiyo wazi ndiyo sifa kuu ya mlango wa fito, na ndiyo inayoutenga na milango mingine yote. Mlango wa mbao una hali mbili tu. Ukifunguliwa, mwili na jicho vyote hupita. Ukifungwa, vyote huzuiwa. Mlango wa fito za chuma una hali ya tatu ambayo mbao haina: ukifungwa huuzuia mwili na kulipitisha jicho. Mabwana wa mashamba waliujua ubora huu vizuri. Walitaka mpita njia alione jumba, aione njia iliyonyooka na miti iliyopangwa, ajue ukubwa wa mali, na papo hapo ajue kwamba hana ruhusa. Ni ukarimu wa macho na ubahili wa miguu. Mhakiki hana budi kulisema jambo hili waziwazi, maana wapo wanaoyasifu malango haya kwa uzuri wake wakanyamaza juu ya kazi yake. Uzuri wa fito ulikuwa sehemu ya kazi ya kuzuia. Kilichozuiliwa kilionyeshwa ili kizuizi kihisiwe.

Jiwe na chuma, basi, vimegawana kazi. Jiwe hubeba uzito na jina. Chuma huchora mstari na kuonyesha njia. Walakini ndoa yao ni ngumu. Kipande cha mlango wa chuma cha kimo kirefu kina uzito mwingi, na uzito huo wote huvuta nguzo kwa ndani. Wahunzi wa zamani waliupunguza mvuto huo kwa kuufanya ufito wa nyuma kuwa mnene kuliko mingine yote, na kuusimamisha juu ya ncha iliyozunguka katika tundu la jiwe chini, na kwa juu kuushika kwa pete ya chuma iliyopigiliwa nguzoni. Pale chuma kinapoingia katika jiwe, fundi alimimina risasi iliyoyeyushwa ili ijaze tundu na kuzuia maji. Maji yakipata njia, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara kadhaa zaidi; jiwe lisiloweza kutanuka hupasuka. Nguzo nyingi za malango ya zamani zimeharibiwa na adui aliyekaa ndani yake tangu siku ya kwanza. Jambo hili litahitajiwa tena mwishoni, kwa kuwa linahusu nadhiri pia.

Hadithi ya kwanza ya Traquair yasema hivi. Mwaka 1745, Charles Edward Stuart, mjukuu wa mfalme James aliyepoteza kiti chake mwaka 1688, alikuja Uskoti kukidai kiti hicho kwa niaba ya baba yake. Inasemekana alifika Traquair kumwona Earl wa tano, ambaye alikuwa Mkatoliki, Stuart kwa jina, na mfuasi wa madai hayo. Mgeni alipotoka kwa lile lango jipya, mwenyeji alilifunga nyuma yake, akaapa kwamba halitafunguliwa mpaka mtu wa mlango wa Stuart avikwe tena taji. Tarehe 16 Aprili 1746 jeshi la mgeni lile lilivunjwa huko Culloden. Mwaka huohuo Earl alikamatwa, akatiwa kifungoni katika Tower of London. Lango lilibaki limefungwa. Kwa hesabu ya hadithi hii lilikuwa limetumika miaka 7 tu.

Hadithi ya pili haina vita wala taji. Yasema kwamba Earl wa saba ndiye aliyelifunga, mwaka 1796, alipofiwa na mkewe. Akaapa kwamba halitafunguliwa mpaka bibi mwingine mwenye cheo cha mkewe aje kukaa katika jumba lile. Mwanawe, Earl wa nane, hakuoa. Alikufa mwaka 1861, na cheo cha Earl wa Traquair kikafa pamoja naye. Dada yake, Lady Louisa, alikaa jumbani mpaka alipofariki mwaka 1875, akikaribia umri wa miaka 100. Kisha nyumba ilimwendea jamaa wao, Henry Constable Maxwell, aliyeongeza jina la Stuart juu ya jina lake, na uzao wake ndio ulioirithi. Kwa hesabu ya hadithi hii, lango lilitumika miaka 58.

Hadithi hizi haziwezi kuwa kweli zote mbili, maana lango lililofungwa mwaka 1745 halingesubiri kufungwa mwaka 1796. Wengi waliozilinganisha wamejishughulisha na swali hilo tu, la ipi ni ya kweli. Swali ni halali, walakini si la pekee, na kwa mhakiki wa masimulizi si la kwanza. Afaaye kuzingatiwa kwanza ni mfanano wao. Ya kwanza ni ya siasa na ya pili ni ya nyumbani. Ya kwanza yamlilia mfalme na ya pili yamlilia mke. Lakini umbo ni moja. Kila moja ina mtu aliyetoka kwa lango asirudi. Kila moja ina mwenyeji aliyebaki akafunga. Na kila moja yaweka sharti la kufungua ambalo ni nasaba: ama Stuart arudi kwenye kiti, ama mke aje atakayeendeleza nyumba. Kwa Kiswahili yote mawili husemwa kwa sentensi moja: mlango umefungwa mpaka mlango uendelee.

Na masharti yote mawili yalikufa. Charles Edward alifariki Roma mwaka 1788 bila mtoto halali wa kiume. Ndugu yake Henry, aliyekuwa kadinali, alifariki mwaka 1807, na kwake uzao wa moja kwa moja wa James ukakoma. Earl wa nane alikufa bila mke mwaka 1861. Tangu hapo, ukiifuata hadithi yo yote kati ya hizo mbili, lango lasubiri mtu asiyeweza kuja. Nadhiri iliyoanza kama matumaini imegeuka kuwa kitu kingine, ambacho Kiswahili hukiita uaminifu kwa marehemu. Katika hili hadithi ya kwanza ina fahari zaidi, na ndiyo ipendwayo na wageni. Bali ya pili ina uchungu ulio karibu zaidi na lango lenyewe. Dubu wale walishika ngao za Traquair, hawakushika taji la Uingereza. Ukoo uliofungwa pale mwaka 1861 ndio ulioandikwa juu ya nguzo.

Sasa yaweza kuulizwa kwa nini nadhiri ya namna hii ikashika mizizi hapa. Majumba yaliyofiwa yalikuwa mengi, na wafuasi wa Stuart walioshindwa walikuwa mamia. Jibu lipo katika ile hali ya tatu ya mlango wa fito. Tuseme lango la Traquair lingekuwa la mbao nene, kama milango iliyotiwa nakshi ya mji wa kale wa Zanzibar, ambayo ikifungwa huonyesha uso wake na kuficha kila kilicho nyuma. Likifungwa kwa miaka mingi, mpita njia angeona mbao tu. Angedhani nyuma yake mna ukuta, au ghala, au hakuna kitu. Baada ya vizazi viwili lingesahauliwa kuwa ni lango. Lakini mlango wa fito, kila siku umefungwa, kila siku huonyesha njia iliyo nyuma yake, na mwisho wa njia jumba lenyewe, na majani yanayoota mahali pa magurudumu. Mpita njia hulazimika kuuliza: kwa nini njia hii haipitwi? Swali likiulizwa kila siku na kila mpita njia, halina budi kupata jibu. Na lisipopata moja litapata mawili. Hadithi za Traquair ni majibu hayo. Chuma ndicho kilichouliza.

Hapo pia ndipo nguzo zinapotimiza sehemu yao. Jibu lilihitaji kuwa na watu, na watu walikuwa wameandikwa tayari juu. Dubu wawili waliosimama wima wameshika ngao ni walinzi kwa umbo lao. Aliyewaona mbele ya njia isiyopitwa hakuhitaji kufundishwa kuwa wanamngoja mtu. Jiwe lilitoa jina, chuma kikatoa swali, na kinywa cha watu kikamaliza kazi.

Ushahidi wa jambo hili wapatikana katika fasihi. Mwaka 1814 Walter Scott, aliyekuwa na makazi yake katika bonde hilohilo la mto Tweed, alitoa riwaya yake ya kwanza, Waverley, inayosimulia vita vya mwaka 1745. Ndani yake mna jumba liitwalo Tully-Veolan, nalo limejaa dubu wa mawe, wakiwemo walio juu ya nguzo za lango. Scott mwenyewe alieleza kwamba jumba lile si picha ya jumba moja, bali amekusanya sifa za majumba mbalimbali ya zamani ya Uskoti; na wasomaji wengi wamelihesabu Traquair kuwa mojawapo. Linaloleta maana hapa ni alichowatenda dubu hao. Baada ya vita, askari wanaliteka jumba, na dubu wa lango wanatupwa chini. Mwishoni mwa riwaya jumba linatengenezwa, dubu wanarudishwa mahali pao, mwenyeji anarudi, na arusi inafungwa. Mwandishi amelivunja lango ili apate kulitengeneza. Msiba una mwisho, na mwisho wake ni mlango wa ukoo kuendelea.

Hadithi ya watu ilikataa njia hiyo. Lango la Traquair halikuvunjwa na halikutengenezwa, limefungwa tu. Hakuna arusi. Kwa kanuni za riwaya huo ni upungufu, maana kisa hakikufungwa. Lakini kisa cha watu kina nguvu ambayo riwaya yenye mwisho mwema imeipoteza, kwa sababu msikilizaji anaweza kwenda akasimama mbele ya lango na kukuta kisa bado kinaendelea. Scott aliyafuta machozi ya historia kwa ustadi mkubwa. Wasimulizi wa Traquair hawakuwa na ustadi wake, lakini walikuwa na lango, nalo liliwazuia kudanganya juu ya mwisho.

Ili hukumu iwe ya haki, Lango la Dubu lipimwe pia na malango mengine. Kwa ustadi wa nyundo peke yake, haliwezi kushindana na lile la ndugu Davies huko Chirk. Mtu atakaye kujua chuma cha kufua kinaweza kufika wapi na aende Chirk. Lakini lango la Chirk limehamishwa zaidi ya mara moja tangu lilipokamilika. Hapo lilipo sasa liliwekwa mwaka 1888. Limehifadhi kazi na kupoteza mahali, na nembo iliyo juu yake yasemwa pasipo pale ilipokusudiwa kusemwa. Traquair ni kinyume. Limepoteza mwendo, maana chombo kilichotengenezwa kizunguke juu ya ncha yake hakizunguki tena; lakini limehifadhi mahali, na pamoja na mahali limehifadhi maana. La kwanza ni neno zuri lililotolewa katika sentensi yake likawekwa katika kamusi. La pili ni neno la kawaida lililobaki katika sentensi yake. Mwanafunzi wa lugha hatasita kujua lipi lina uhai zaidi.

Yapo mambo mawili yanayopingana na sifa hizi, na hayafai kufichwa. La kwanza ni kwamba hadithi ikizidi humla mlengwa wake. Katika vita kuu ya pili serikali ya Uingereza iliamuru, tangu mwaka 1941, uzio na malango ya chuma vikusanywe kwa mahitaji ya vita. Vikasazwa vile vilivyohukumiwa kuwa na thamani ya usanii au ya historia. Kazi nyingi za chuma ziliondolewa katika miaka ile, na kilichoamua uhai wa lango kilikuwa hukumu ya mtu aliyeweza kusema hili ni kazi na hili ni chuma tu. Lango lenye hadithi lina mtetezi hata kama halina aliyelitazama. Lango lisilo na hadithi halina mtetezi ila mhakiki. Kwa hiyo uhakiki wa jiwe na chuma si anasa ya wenye nafasi. Palipokosekana maneno ya kutenganisha kufua na kusubu, kazi ya fundi ilipimwa kwa uzito wake kama chakavu.

La pili ni kutu. Nadhiri yaweza kumzuia mtu asifungue lango. Haimzuii maji kuingia penye risasi iliyolegea. Chuma kinachozunguka juu ya ncha yake hukaguliwa na kupakwa mafuta kwa lazima, na kilichofungwa daima huelekea kusahauliwa. Tena, chuma chenyewe cha kufua kimekuwa adimu. Viwanda vya mwisho vya Uingereza vilivyokitengeneza kwa wingi vilifungwa katika miaka ya 1970, na kinachouzwa leo kwa jina hilo aghalabu ni pua laini, isiyo na zile nyuzinyuzi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wapo mafundi wanaoendelea kutengeneza malango ya zamani kwa chuma cha zamani kilichookotwa na kufuliwa upya. Lakini methali hiyo inamtaka mhunzi. Lango linaloheshimiwa kwa kutoguswa lahitaji kuguswa na mhunzi mara kwa mara, la sivyo nguzo zitapasuka kwa ndani na dubu wataanguka bila askari kuwatupa.

Kwa waandishi wa Kiswahili somo la lango hili ni la lugha. Neno geti limekwisha kuingia na halitatoka. Lina kazi yake mjini na barabarani. Lakini lugha iliyo na lango, mlango, mwimo, kizingiti, mfaa, bawaba, komeo, kufua na kusubu haina udhuru wa kueleza kazi ya namna hii kwa neno moja la mkopo. Maneno haya yanapotumiwa kwa usahihi huonyesha mambo ambayo hata Kiingereza chenyewe hakiyaonyeshi upesi: kwamba nguzo si mwimo, kwamba lango lisilo na kizingiti lahitaji mnyama juu, na kwamba mahali pa kuingilia na tawi la nasaba vyaweza kuwa kitu kimoja.

Hukumu ya mwisho basi ni hii. Lango la Dubu la Traquair ni kazi ya wastani kwa ufundi wake na kazi kubwa kwa maana yake, na ukubwa huo haukutoka nje. Mwashi aliweka jina mahali pa juu, mhunzi akaacha nafasi wazi kati ya fito, na koo mbili zilipokoma, moja ya wafalme na moja ya wenyeji, palikuwa tayari mahali ambapo kukoma kwao kungeweza kuonekana kila siku na kila apitaye. Mlango wa mbao ungelificha jambo hilo. Huu umelionyesha kwa muda wa karne mbili na zaidi, umefungwa, na njia iko wazi nyuma yake.